Kaka Yangu Alikikana Kisu cha Mume Wangu

Mama huyu ametuomba tufiche jina lake na la shamba anakoishi. Hata jina la mtoto si lile la kweli. Msomeni kwa upole.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, naishi na mume wangu kwenye shamba la ngano la mzungu mmoja upande wa Njoro. Sina mtoto. Nilikuwa naye mmoja, nitamwita Wambui. Mnivumilie, maana haya sijamwambia mtu yeyote.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kushona magunia stoo, na alikuwa na kisu kidogo cha kukunja cha kukatia uzi wa katani. Tangu hali ya hatari itangazwe, sisi Wakikuyu tulikatazwa kutoka shambani na kitu chochote chenye makali bila barua ya ruhusa, hata kama ni cha kumenya viazi. Kila jioni nyapara alikusanya visu na mapanga, akahesabu, akafungia stoo. Nyapara huyo ni kaka yangu, tumbo moja.

Siku hiyo Wambui aliamka na homa, na kufikia mchana kifua kilikuwa kinalia kama filimbi. Nilimfunga mgongoni nikakimbia stoo. Baba yake alitupa gunia chini. Lori la maziwa lilikuwa linaondoka kwenda Nakuru, na kaka mwenyewe ndiye aliyetusukuma: "Nendeni, nendeni! Mtoto kwanza. Kisu utanipa ukirudi."

Kabla ya kuingia mjini kulikuwa na kizuizi. Tukashushwa. Askari akapapasa koti la mume wangu, akatoa kile kisu.

"Hii ni nini?"

"Afande, ni ya kazi. Nashona magunia. Mtoto ni mgonjwa, nimetoka mbio."

"Barua iko wapi?"

Hakuwa nayo. Akakalishwa chini, mikono kichwani. Dereva wa lori akaogopa, akaondoka. Mume wangu aliniangalia tu akasema, "Mama Wambui, usinisubiri. Mpeleke mtoto." Nikaenda kwa miguu, jua kali, huku nikimsikia mwanangu akivuta pumzi kwenye shingo yangu. Hospitalini walimpokea vizuri, wakajaribu. Siku ya pili akaniacha.

Kaka ndiye aliyechimba kaburi. Hakukubali mtu amsaidie. Alichimba akilia kama mwanamke, nami nikasema moyoni, angalau Mungu ameniachia huyu.

Baada ya mazishi, askari wawili wakaja shambani na kile kisu. Nilikuwa nimekaa nje ya stoo. Karani wa maziwa naye alikuwa pale, amesimama tu.

"Nyapara, mtu tuliyemkamata na kisu hiki anasema ni cha shamba, na ni wewe uliyemruhusu atoke nacho. Ni kweli?"

Kaka alizitia funguo za stoo mfukoni.

"Hapana, afande. Visu vyangu vyote viko ndani. Hicho sikijui."

Angesema ndiyo, naye angechukuliwa. Ana watoto watano, na mama yetu anaishi kwake. Hayo yote niliyajua wakati ule ule maneno yakimtoka. Lakini mume wangu alipelekwa kambini kwa sababu ya maneno hayo, na mimi niliyasikia kwa masikio yangu.

Alirudi baada ya miaka miwili na zaidi, meno ya mbele hayapo, sikio moja halisikii. Swali la kwanza: "Kaburi liko wapi?" Nikampeleka. Jioni kaka akaja kumsalimia, nikawapa chai. Mume wangu akasema, "Kortini waliniambia hapa hakuna anayekijua kisu changu. Ni nani alisema hivyo?"

Kaka alitazama kikombe. "Mimi nilikutetea, shemeji. Hawakunisikia."

Mume wangu akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nikasukuma kuni motoni.

Basi mume wangu akaamua mwenyewe kwamba aliyesema ni karani, kwa kuwa naye alikuwepo siku ile. Siku hizi hamsalimii, amewaambia watu yule ni msaliti, na watu wameamini. Watoto wa karani wanacheza peke yao. Juzi mkewe alinikuta mtoni akaniuliza, "Mama Wambui, wewe ulikuwepo. Mume wangu alifungua mdomo siku ile?" Nilijitwika maji yangu nikaondoka. Sijui aliniona nikilia au la.

Sasa mume wangu anataka kumchinjia kaka mbuzi mavuno yakiisha, amshukuru mbele ya watu wote. Ni kweli kaka alinilisha miaka yote ile, akanipigania nisifukuzwe shambani nikarudishwa rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu. Lakini alipopata habari ya mbuzi alinifuata nilikokuwa nachuma maua ya pareto, uso umemkauka.

"Mwana wa mama, mwambie wewe. Mimi nimejaribu, mdomo unakataa. Usiniache nile mbuzi wa mtu yule."

"Na akikuua?"

"Aniue akiwa anajua."

Nikisema, huenda damu ikamwagika, na mume wangu akarudishwa kule alikotoka akiwa nusu mtu. Nikinyamaza, karani na watoto wake wataendelea kubeba mzigo usio wao, na mimi nitapika ile nyama na kuwapakulia wote wawili. Na jana, wakati wa kuchagua mbuzi, nilimsikia mume wangu akipiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu arudi.

Ninyi mnaonisoma, hasa mliozika mtoto na bado mnapika kila jioni, nipeni shauri. Nifungue mdomo, au niufunge?