Nywele za Babangu na Kitabu cha Matukio

Mageuzi ya polisi mimi niliyaona kwanza kwenye cherehani. Walikuja kibandani kwangu hapa Malindi, mmoja mmoja, na sare mpya za buluu: shati hili linabana, suruali hii ndefu. Nikapunguza, nikakunja pindo. Kituo nacho kikapakwa rangi, kaunta ikatiwa vigae, ukutani zikabandikwa ahadi za huduma kwa herufi kubwa. Mimi napenda kazi safi, kwa hivyo nilisifu.

Mwaka uo huo babangu alikuja kutoka kijijini kwake Adu na kipande cha bafta mfukoni. Alikikuta kimefungwa kwenye komeo la mlango wake. Nilikitambua nilipokishika tu. Bafta nimeikata mara nyingi kushonea sanda. Watoto wa nduguye walikuwa wakiutaka upande wa shamba wenye mikorosho, na neno "mchawi" lilishaanza kutembea. Kwetu, mzee mwenye mvi na shamba hahitaji kutafutiwa ushahidi mwingine.

Tukaenda kituoni. Askari wa kauntani alikuwa amevaa suruali niliyoikunja mwenyewe. Alitusikiliza kwa adabu, akafungua daftari kubwa, kisha kalamu ikasimama.

"Mama, hiki ni kitabu cha matukio," akasema. "Sasa hapa tukio ni lipi?"

"Wanataka kumuua."

"Wakifanya lolote, njooni mara moja."

Nilitamani kulifumua lile pindo pale pale. Badala yake nilirudi nyumbani, nikakoroga piko, ile rangi nyeusi ya kufunika mvi, nikampaka babangu kichwa kizima na ndevu. Mzee wa miaka sabini na kitu, ameinama mbele ya bintiye akitiwa piko kama bibi harusi. Niliona haya kwa niaba yake. Yeye alifumba macho tu.

Miezi michache baadaye kituoni akaletwa koplo mwanamke. Alikuja kupunguziwa shati, nami nikamsimulia huku nikimpima. Hakuuliza tukio ni lipi. Aliuliza, "Shamba la mzee limepakana na nani?"

Wiki ile ile alikwenda Adu na chifu. Akarudi tena, na tena, akaketi na wale binamu zangu, akasikiliza madai yao mpaka wakachoka wenyewe kuyarudia. Mwishowe mpaka ukapandwa minyaa, pande zote mbili zikishuhudia. Hata baada ya hapo alikuwa akipitia kwa babangu bila kuitwa, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake. Mvi zikaanza kuchomoza chini ya piko, naye babangu akaziacha.

Kisha wakubwa wakaja kukagua kituo. Yule askari wa kauntani ndiye aliyenipa habari, aliponiletea suruali nyingine. Walifungua kitabu, wakatafuta kazi ya koplo kule Adu, wakakuta patupu: hakuna aliyekamatwa, hakuna kesi. Akahamishwa.

"Alikuwa mtu mzuri," askari akasema, "ila kazi yake haikuonekana."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema kwamba aliyeziba ufa hana cha kuonyesha. Nilimkunjia suruali yake huku nina hasira.

Jioni nikampigia babangu simu, nikamweleza kwamba koplo hayupo tena.

"Mwanangu," akaniuliza, "ile piko, ilibaki?"