Kuba la kina Wambui

Juzi pale Kamakis nilimwona fundi akipachika kuba dogo jekundu juu ya ghorofa mpya, na wivu wangu wa zamani ukaamka kama jino bovu.

Nilipokuwa mtoto Ruiru, nyumba ya kina Wambui, rafiki yangu wa darasani, ndiyo pekee mtaani iliyokuwa na kuba. Alasiri moja, nikitumwa maji, nilipitia kwao. Tulikaa kwa veranda tukila chapati, harufu ya rangi mbichi ikitujia puani. Mara nikasikia kitu kikinguruma polepole huko juu ndani ya kuba.

"Nani ako huko?"

"Hakuna mtu. Baba alisema tusiwahi panda."

Nikajua ananificha. Hicho kilikuwa chumba chake, cha mviringo, chenye pazia za pinki, na mimi nilikuwa nikilala na dada zangu kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa kwa miguu. Niliiacha chapati nusu. Nilibeba jerikeni yangu nikaondoka bila kuaga, nikapanga foleni kwa bomba ya mtaa hadi jua likazama.

Sasa nilimuuliza yule fundi kuba ni la nini.

"Ni la kuficha tangi ya maji, madam. Mwenye nyumba hataki ionekane."

Kumbe ule mngurumo kwa kina Wambui ulikuwa wa maji yakijaa tangini. Nikakumbuka ile jerikeni, vile mpini wake ulivyonikata vidole njia nzima, nikaona nilimwonea Wambui wivu kidogo mno.