Kibuyu Alichokirudisha Jesang

Zamani Kibiwott alikuwa akimaliza kilomita thelathini kabla ya chai. Sasa alihema kwenye kimlima ambacho akina mama wa Iten hukipanda na viazi mgongoni wakipiga soga. Mkewe, Jesang, alikimbia kando yake polepole, kama kocha alivyoagiza. Mwili ulikuwa unarudi. Kilichomlemea ni ule uongo.

Habari yenyewe ni fupi na haina sifa. Homa ya matumbo ilipomlaza, daktari alimpa dawa na kumkataza mbio kwa wiki sita. Wiki ya tatu akawasikia wenzake wakipita barabarani alfajiri, na ujinga ukampanda kichwani. Jesang alikuwa ameenda kukama. Kibiwott akavaa viatu, akajiunga na kundi la mbele, akakata kilomita ishirini na tano, akarudi kitandani kama mwizi. Kesho yake homa ilimrudia kwa ghadhabu, akawa hawezi hata kuketi.

Mama yake, Kobilo, alikuja na majirani wawili. Akakiona kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yanayotiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, kando ya kitanda, akakinusa. Alisema Jesang hakukisugua mkaa vizuri, na kwamba maziwa hayo machafu ndiyo yaliyomrudisha mwanawe kitandani. Kibiwott alisikia kila neno. Akafumba macho, akajifanya amelala.

Jumamosi ile Jesang alitakiwa kukimbia mchujo wa timu ya taifa, mbio alizozifanyia mazoezi mwaka mzima. Alibaki nyumbani akimkanda mumewe kwa kitambaa cha maji. Kisha akakirudisha kibuyu kwa mama mkwe, kile kile alichopewa siku ya kuolewa, na tangu hapo akawa ananunua maziwa ya pakiti dukani. Majirani waliona, nao hawakuhitaji kuelezwa maana yake: mke amekubali kwamba hafai kutengeneza maziwa ya nyumba ile.

Miezi miwili Kibiwott alikunywa chai ya maziwa ya pakiti. Alijiambia atasema akipona. Akapona. Akajiambia atasema akianza mazoezi. Uongo nao una mazoezi yake, na huo wake ulikuwa umeiva.

Hapo kimlimani Jesang alimwona anashika tumbo.

"Likikuvuta tusimame, bwana. Nisije nikakuua mara ya pili."

Alisema kwa utani. Kibiwott akasimama katikati ya barabara, hatia imemjaa mpaka machoni.

"Si maziwa, Jesang. Nilitoka kwenda kukimbia. Ulipoenda kukama, nilijiunga na akina Yator wa kundi la mbele. Na mama aliposema yale, nilikuwa macho."

Jesang aliinama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nilikisugua kibuyu kile mpaka vidole vikachubuka," alisema. "Nikadhani mkono wangu ndio mbaya. Nenda kwa mama yako. Umwambie mbele ya wale wale waliomsikia."

Kisha akaondoka, na safari hii hakumsubiri mtu. Kibiwott alijaribu kumfuata hatua kumi, pumzi ikakataa. Wiki zote hizo mkewe alikuwa akijizuia kwa ajili yake, naye hakujua amejizuia kiasi gani. Jesang alikimaliza kimlima kama vile hakipo. Timu ile angeingia, tena angeingia wa kwanza. Aibu ikamchoma, lakini hapakuwa na mtu wa kuombwa radhi pale barabarani. Akageuka, akaanza kutembea kwenda kwa mama yake.