Shuka la Baba Mkwe na Sauti ya Koko

Jamani, mimi niliwahi kuua sauti ya bibi ambaye alikuwa ameshafariki.

Msinikimbie. Kaeni niwasimulie.

Naitwa Elisaria. Ni Mmeru wa kule mlimani, ila kibanda changu kiko Kaloleni, mjini. Natengeneza kompyuta, natoa fotokopi, na naongea. Hilo la tatu wateja ndio waliliongeza.

Mwaka juzi nilikuwa namchumbia Namnyaki, binti wa Mzee Lemburis wa Moshono. Mzee ni Mwarusha aliyenyooka, wale wanaoongea Kimaasai. Ng'ombe zake anazijua kwa majina, na kwa siku anatumia maneno kama kumi hivi. Mimi kumi nayamaliza kwenye salamu.

Ilikuwa imebaki wiki moja nipeleke posa, Mzee akatoa sharti.

Mama yake, ambaye wajukuu walimwita Koko, alifariki mwezi wa nne. Kabla hajaondoka aliacha baraka zake, Namnyaki akamrekodi kwa simu. Baadaye simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, ikafa. Ikapona memori kadi peke yake.

Nakala? Hakuna.

"Nataka sauti ya mama yangu isikike hapa sebuleni," Mzee alisema. "Isiposikika, hakuna posa."

Simu hakutaka tena hata kuziona. Alisema moja imeshajaribu kumzamisha mama yake, inatosha. Alitaka itumike kompyuta yao ya mezani, ile ya spika kubwa, ambayo bahati mbaya haikuwa na tundu la memori kadi.

Mimi huyo nikajitokeza. "Baba, hilo niachie. Dakika ishirini tu."

Jumamosi mchana nikatua Moshono na begi langu la bisibisi. Upepo wa mwezi wa tisa ulikuwa mkavu, vumbi mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Fanya."

Nikafanya, tena kwa mbwembwe. Nikazima kompyuta, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza swichi yake sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Kila hatua naieleza kwa sauti, utafikiri nahubiri.

"Ukishafungua boksi, unagusa chuma chake kwanza. Mwilini tuna umeme wa nguo, ule wa nguo kusuguana. Hauuoni, ila unaua vifaa."

"Sawa, Injinia," Namnyaki akasema, huku anacheka chini chini.

Nikatoa kadi niliyokuja nayo, ile yenye tundu la kusomea memori kadi. Nikaishika kwenye kingo, bila kugusa yale meno yake ya rangi ya dhahabu. Nikailinganisha na sloti ya kwenye ule ubao mkubwa wa ndani, nikaikandamiza taratibu mpaka ikakaa. Sikulazimisha. Nikafunga skrubu, nikafunika boksi, nikawasha.

Ikakubali. Nikajiona mwanaume.

"Baba, naomba sasa memori kadi."

Mzee akaitoa mfukoni, imefungwa kwenye leso safi. Nikaipokea bila hata kuitazama, kwa sababu mdomo ulikuwa bado unafundisha.

Hapo hapo nikasikia kitu kinatua mabegani.

Shuka. Jipya, jekundu, lile la Kimaasai la kumpa mtu heshima, bado lina mikunjo ya dukani. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, ananifunika kwa mikono yake mwenyewe.

Wewe, kufunikwa shuka na baba mkwe ambaye bado hajakubali kuwa mkwe! Moyo ulijaa. Nilitamani kulia. Nikajikunyata ndani yake, nikajigeuzageuza lijisugue vizuri kwenye sweta langu la mtumba, halafu nikapeleka memori kadi kwenye tundu.

Tas!

Cheche ikaruka kutoka kidoleni kwangu mpaka kwenye chuma.

"Si ulisema uguse chuma kwanza?" Namnyaki akauliza. Safari hii hacheki.

Nikachomeka. Kwenye kioo yakaja maneno mawili tu: *Weka kadi.*

Nikatoa, nikarudisha. *Weka kadi.*

Mara ya tatu. *Weka kadi.*

Niliona kama kompyuta inanitukana. Kadi si hiyo nimeweka? Jasho likaanza kushuka ndani ya shuka la heshima. Mama Namnyaki, aliyekuwa anamimina chai, akasimamisha chupa hewani.

Nilifikiria kudanganya, siwafichi. Ningesema inahitaji kipuri kutoka Dar. Lakini nikamwona Mzee amekaa ameinamisha kichwa, amejiandaa kumsikia mama yake. Nikashindwa.

Nikapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nimeua sauti ya Koko. Umeme wa nguo umeiunguza."

Niliona posa inaondoka, na Namnyaki pia. Lakini kilichoniuma zaidi ni yule mzee.

Akainua kichwa. Kisha akauliza, "Ero, kijana, umeua ipi? Mama au ndama?"

"Ndama gani, baba?"

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kopo lake la ugoro, akalifungua. Ndani hamkuwa na ugoro. Kulikuwa na pamba, na juu ya pamba kimelala kitu cheusi kidogo kama ukucha.

Memori kadi yenyewe!

Niliyokuwa nayo mimi ilikuwa adapta, lile ganda kubwa la kuivalisha. Tupu.

"Baba!" Namnyaki akapiga kelele. "Kwa nini umezitenganisha?"

"Si wewe uliniambia kubwa ni mama na ndogo ni mtoto, analala ndani yake?" Mzee akajibu. "Ndama akilala na mama yake, asubuhi utakamua nini? Nikamtenga tangu jana, ili leo kubwa iwe imejaa."

Mama Namnyaki alicheka mpaka akaweka chupa chini.

Kumbe kompyuta ilikuwa inasema kweli. Weka kadi. Mtu mzima nimeambiwa mara tatu.

"Baba," nikasema kwa adabu zote, "naomba shuka hili lipumzike kwenye kiti kidogo."

Nikalikunja. Nikagusa chuma. Nikamrudisha ndama kwa mama yake, nikachomeka.

Sauti ya Koko ikajaa sebule. Aliongea Kimaasai, polepole, mwisho akacheka. Mzee alifunika macho kwa kiganja. Namnyaki alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Amesemaje?" nikamnong'oneza.

"Amesema, yule kijana wa Kimeru aliyenielezea redio yangu mpaka nikasinzia, mpeni mtoto. Ila mwambieni, kabla ya kueleza, awe anatazama."

Posa ilipita. Shuka ninalo mpaka leo, navaa popote isipokuwa kazini.

Siku ile ile, kabla sijanywa hata chai, nilitoa nakala tatu za ile sauti. Mzee alipoelezwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Vizuri. Sasa ni kundi."

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kufungua kompyuta, izime, chomoa waya, gusa chuma, vua sweta lako la kujidai. Lakini kabla ya yote, funga mdomo utazame ulichoshika mkononi.

Mimi hili nimefundishwa na marehemu.