Kimya Nilichokiziba

Ipo Alhamisi moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninapomwona kijana anaingia getini kwangu hapa Kerege na gitaa mgongoni. Haikuwa siku kubwa. Ilikuwa siku ya mazoezi tu, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa chini wa hoteli moja Uarabuni, na kiyoyozi kilikuwa kimeharibika. Naikumbuka kwa sababu mpaka leo sijaielewa, na mimi si mtu wa kushindwa kuelewa mambo ya muziki.

Niseme mapema mimi ni nani, maana nyinyi vijana humsikiliza mtu mkishajua amefika wapi. Nimezaliwa Miono, mtoto wa saba wa mkulima wa mahindi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilikuja Bagamoyo peke yangu, nikasomea muziki, nikatoka na stashahada ya daraja la kwanza. Ipo sebuleni, imewekewa kioo. Ukiingia utaiona kabla hujaiona televisheni. Nikapiga ngoma za bendi kwenye mahoteli ya Dar, kisha Uarabuni miaka kumi na minne. Nyumba hii, kisima hiki, darasa hili la muziki lenye viti ishirini, vyote nimevitoa kwenye vijiti viwili vya kupigia ngoma. Sijisifu. Nataka tu ujue kwamba anayekiri kosa hapa si mtu wa kubahatisha.

Bendi yetu ya hotelini ilikuwa ya watu watano. Wanne walikuwa Wafilipino, wa tano mimi, na kiongozi alikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeweza kusoma nota na kuziandika. Mwimbaji wetu aliitwa Rodel. Mwembamba, nywele mpaka mabegani, mwepesi wa kucheka. Wafilipino wana adabu inayofanana na ya kwetu pwani, hawamwiti mkubwa kwa jina tupu. Mimi aliniita Kuya Zakaria, yaani kaka mkubwa. Mpiga kinanda wetu, mama wa makamo aitwaye Luz, Rodel alimwita Ate, dada mkubwa. Nilipenda sana kuitwa Kuya. Kwetu nilikuwa kitinda mimba, hakuna aliyewahi kuniita kaka.

Kazi ya Rodel ilikuwa kuimba nyimbo za watu. Mgeni akitaka wimbo wa Mmarekani fulani, Rodel alimtolea sauti ya Mmarekani huyo huyo, mpaka pumzi zake. Nilimwona fundi mzuri wa kuiga, basi. Nilijua ana binti kwao, Tala, aliyemwacha akiwa na miaka miwili. Sikujua kwamba kabla ya binti huyo kuzaliwa alikuwa na bendi yake ya roki, akitunga mwenyewe, akilala kwenye gari na vyombo, na kwamba wimbo wake mmoja ulipigwa kwenye redio za kwao mpaka wauza samaki wakaujua. Bendi ilipovunjika na mtoto akataka maziwa, alitia saini mkataba wa kuja kuimba vya wenzake. Hayo yote hakuniambia. Mimi ningekuwa na wimbo redioni, mwanangu, ungeshaujua kabla hujaketi.

Mwaka wake wa tisa kule, ikaja habari. Mtayarishaji wa muziki kutoka kwao angehudhuria mkusanyiko wa wafanyakazi wa Kifilipino siku ya Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Angesikiliza watunzi watatu. Mmoja angerudi naye nyumbani, arekodiwe, na apewe kazi ya kuzunguka nchi nzima mwaka mmoja akiimba nyimbo zake mwenyewe. Kwa Rodel maana yake ilikuwa kwenda kuishi na Tala, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na kumjua baba yake kwa kioo cha kompyuta.

"Kuya," akaniambia, "nisaidie. Nataka tuupige wimbo wangu, bendi nzima."

Basi ndiyo hiyo Alhamisi. Akashika gitaa, akaanza. Wimbo ulikuwa mzuri, nitasema kweli. Lugha sikuielewa, ila ulikuwa unapanda kama gari lililoshika barabara kuu baada ya mizani ya Vigwaza. Tukafika kwenye kibwagizo, kila kitu kimepamba moto, mara Rodel akanyamaza. Gitaa kimya, sauti kimya. Akahesabu mapigo manne kwa kichwa, kisha akaendelea kama vile hakuna kilichotokea.

Nikasimamisha mazoezi. "Umesahau maneno?"

"Hapana, Kuya. Hapo huwa tunaacha."

"Mnaacha nini?"

"Nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Akacheka, akatazama viatu vyake. "Ya watu."

"Watu gani? Hapa kwenye nota sioni watu, mdogo wangu. Naona shimo."

Mpiga besi akaangua kicheko. Luz hakucheka, alikuwa anafuta kinanda chake kwa kitambaa, akafuta pale pale palipokwisha kuwa safi. Nikamweleza Rodel, kwa utaratibu kabisa, kwamba wimbo ukishapanda hivyo haukatwi, kwamba msikilizaji anaanguka. Nikaliziba lile shimo kwa mvua ya ngoma, mapigo kumi na sita, safi, kama nilivyofundishwa. Tukaupiga tena.

"Umeona? Sasa unapaa. Au unaonaje?"

"Sawa, Kuya."

"Sawa kweli?"

"Sawa. Wewe ndiye uliyesoma."

Maneno hayo yaliniingia vizuri, mwanangu, nikashinda nayo jioni nzima.

Ijumaa mchana tukaenda. Ukumbi wa shule, umejaa mpaka madirishani. Wauguzi, mayaya, mafundi seremala, wafagiaji, masufuria ya wali kwenye meza za nyuma, watu wameketi mapajani mwa wenzao. Mtunzi wa kwanza alipita. Wa pili alikuwa yaya mmoja mdogo mwenye gitaa lisilowiana nyuzi, tena uzi mmoja haupo kabisa, nilimwonea huruma. Kisha sisi.

Rodel alipopiga nyuzi za mwanzo, ukumbi ulipiga kelele. Waliujua! Watu mia kadhaa, kila mmoja anaujua. Nilibaki nimeduwaa, vijiti vinatembea vyenyewe. Nikamgeukia Luz, naye akanitazama kwa jicho ambalo sikulisoma. Kibwagizo kikakaribia. Nikaona watu wanasimama, mmoja mmoja, halafu safu nzima. Wengine wameweka viganja midomoni, kama mtu anayetaka kumwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Nikadhani wameupenda mdundo wangu. Tukafika mahali penyewe. Wakavuta pumzi wote pamoja, niliisikia ile pumzi, na mimi nikaporomosha mapigo yangu kumi na sita.

Sijui nikuelezeje kilichofuata. Watu walifungua vinywa na ngoma ikavijaza. Wengine walipaza sauti, hazikusikika. Wengine wakaangaliana. Mwanamke mmoja wa safu ya tatu, amevaa sare ya usafi, alichelewa, akaita jina la mtu, "Jomar!", peke yake, katikati ya mstari uliofuata. Watu wakacheka. Akakaa chini na kujifunika uso kwa mikono miwili. Kibwagizo cha pili kilipofika, nusu ya ukumbi walikuwa wamekaa, na mimi, kwa kutoelewa, nikapiga kwa nguvu zaidi.

Yule mtayarishaji alitufuata nyuma ya jukwaa, akampa Rodel mkono. "Mmeupiga vizuri sana, hauna doa," akasema. "Ila nilidhani ni ule wimbo ninaoujua." Akamchagua yaya mwenye gitaa la nyuzi tano. Nyuzi tano, mwanangu, na haziwiani! Stashahada yangu nzima ilikataa.

Wakati wa kukunja nyaya Luz alinijia. Alikuwa amenizidi miaka kumi na zaidi, na hakuwa mtu wa maneno.

"Zakaria, unajua wale watu walitaka kufanya nini?"

"Kuimba."

"Kuita. Wimbo unasema nimefunga mzigo, nimeacha kila kitu, nimembeba mmoja tu moyoni. Halafu kimya. Hapo kila mtu huita jina la mtu wake. Zamani walikuwa vijana, waliita wachumba. Leo mle ndani walitaka kuita watoto wao."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikwambia. Alikwambia watu. Wewe ukamjibu shimo." Akakaza waya mkononi. "Huko kwenu mashambani, watu hawaitikii?"

Huitikia. Shangazi yangu kule Miono alikuwa akianzisha wimbo wakati wa palizi, akikata katikati, na wanawake wote wa shamba wakimalizia. Shangazi hana stashahada hata ya kufuga kuku, na asingekosea kama nilivyokosea.

"Na wewe, Ate?" nikasema, maana niliona uchungu. "Ulikuwepo kwenye mazoezi. Mbona ulinyamaza?"

"Wimbo ni wake," akajibu, akaondoka na nyaya zake. Mpaka leo sijui kama jibu hilo linatosha.

Siku ya pili yake nilikwenda kumwomba radhi Rodel. Nilimkuta juu ya paa la nyumba yetu ya wafanyakazi, anaanika mashati. Nikasema yote, tena kwa Kiingereza changu bora. Nilitegemea anitukane, ningeridhika. Akamaliza kubana shati la mwisho.

"Kuya, mimi nilifurahi ulipoliziba."

"Ulifurahi?"

"Miaka tisa siko nyumbani. Sikujua kama kuna anayeukumbuka. Ningeacha kimya, halafu asiite mtu hata mmoja? Mbele ya yule bwana? Uliposema shimo, nikashukuru. Nikasema, Kuya amesoma, kosa likiwepo litakuwa lake."

"Lakini walisimama, Rodel. Wote."

"Ndiyo," akasema. "Niliwaona." Akainua beseni akashuka ngazi.

Basi niambie wewe, kosa lilikuwa la nani? La kwangu, niliyesikia neno "watu" nikalidharau? La kwake, aliyejificha nyuma ya karatasi yangu ya chuo? La Luz, aliyeona na kukaa kimya? Nimelipima hili jambo miaka yote hii, na kila nikidhani nimepata jibu, linanigeukia. Ninachokijua ni hiki: mkataba uliongezwa, na Rodel aliimba nyimbo za watu miaka mitatu mingine. Aliporudi kwao Tala alikuwa na miaka kumi na minne, na mwezi mzima wa kwanza alimwamkia baba yake kama anavyoamkiwa mgeni. Hakukuwa na rekodi wala ziara. Siku hizi Rodel anasambaza mitungi ya gesi kwa gari dogo, na Jumamosi anaimba nyimbo zake kwenye uwanja wa mji wao. Anasema anatosheka. Siwezi kujua, maana ni mtu yule yule aliyeniambia sawa.

Juzi amenitumia ujumbe wa sauti. Wimbo mpya, ametunga kwa ajili ya Tala anayekwenda kuanza chuo. Mstari mmoja anaurudia mara tano mfululizo. Mara tano! Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika simu kumwambia mbili zinatosha. Nikajizuia, nikamuuliza: mstari huo unasema nini, na kwa nini tano? Akanijibu kwa ujumbe wa dakika arobaini, habari za gesi, goti la mkewe, ada, mvua, na mwishoni akacheka: "Hata mimi sijui, Kuya. Wewe unaonaje?" Mwanangu, nilikaa barazani kama mtu aliyepotelewa na funguo. Hatimaye nikamwambia akamwimbie binti yake kwanza, vile vile ulivyo, halafu anipe habari. Bado hajanipa.

Kwa hiyo nakuusia yale machache niliyo na hakika nayo. Ukiletewa kazi ya mtu, usiishike kabla hujauliza ni ya nani na inafanya nini. Na akikujibu neno moja, omba la pili, kwa sababu la kwanza mara nyingi ni la adabu. Usijipime kwa wepesi wa watu kukukubalia. Na wewe mwenye wimbo, unayenijia hapa Kerege na shikamoo nzuri, jua kwamba heshima haikuondolei jukumu. Ninapokuambia kitu kwenye kazi yako kimekosewa nawe unajua sivyo, niambie sivyo. Niambie mara mbili, mara tatu, hata nikikunja uso, hata nikikuonyesha ile karatasi iliyo sebuleni. Na kama unaogopa, sema naogopa, tuogope wawili. Usinikabidhi hofu yako ukaiita utii, maana nitaichukua kwa furaha na kukuharibia.

Nenda, mwanangu. Mungu akufungulie riziki ya kazi ya mikono yako na ya koo lako. Akupeleke mbali kama alivyonipeleka mimi, na akurudishe mapema kuliko alivyomrudisha Rodel, watoto wako wakiwa bado wadogo wa kukukimbilia mlangoni. Amina.