Mume wa Bibi

Bibi yangu wa kijijini Kimali alianza kuniita mume kabla sijajua kujifuta kamasi. Kwetu Usukumani bibi na mjukuu ni watani, kwa hiyo nimekua na ndoa hiyo na masimango yake. Hata nilipopata kazi ya serikali mjini Bariadi, nikifika kwake, kabla sijakaa ananiuliza, "Bado wanakulipa kwa kukalia kiti?" Namjibu, "Natafuta mahari ya mke mwenye meno." Anacheka mpaka khanga inamdondoka, halafu ananiletea mtindi.

Kisha akaugua kiharusi. Alirudi kutoka hospitali hasemi wala hali. Daktari alisema kumeza anaweza, ila hataki, na asipokula tutampoteza. Shangazi, dada wa baba, ambaye ameokoka kumzidi mchungaji wake, akatangaza kwamba chumbani ni sala tu, utani mwisho mlangoni. Basi watu wakawa wanaingia kwa kunyata, shikamoo bibi, pole bibi, na bibi anatazama bati. Uji unakwenda, uji unarudi. Nje, baba zangu wadogo walishaanza kubishana dume lipi lichinjwe siku hiyo. Siku gani hiyo, nikawauliza. Wakakohoa.

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa. Nikaingia, nikampita Shangazi na Biblia yake, nikaketi kitandani pake.

"We kikongwe, amka. Nimekuletea talaka."

Nikamsogelea sikioni.

"Mke mpya anajua kupika. Tena ana meno yote."

Akatazama bati. Jamani, sijawahi kuona aibu kama ile! Maneno yalikuwa yale yale ya miaka yote, lakini bila yeye kunirudishia yalikuwa matusi tu, na mimi nilikuwa jitu zima lenye kitambi linalomtukana mgonjwa. Shangazi alinitandika kofi la mgongo, akaniambia nina pepo.

Nilikosa la kufanya, na tangu nitoke Bariadi sikuwa nimetia kitu tumboni. Bakuli la uji lilikuwa pale kwenye stuli, uji umeungwa karanga vizuri tu. Nikalichukua, nikapiga funda la kwanza, nikapiga la pili.

"Mwizi."

Shangazi akaangusha Biblia. Bibi alikuwa ananitazama mimi, mdomo umepinda upande mmoja, jicho kali.

"Mwanaume mzima... unakunywa... uji wa mgonjwa," akasema, akivuta kila neno kama ndoo ya kisimani. "Ndiyo maana... huoi."

Nikachota kijiko, nikampelekea, machozi yananitoka hovyo. Akameza. Nilipochota cha pili akafumba mdomo, akageuza uso, akakataa katakata. Nikamuuliza kuna nini tena.

"Jibu kwanza," akasema.