Kiwanja Kilichogeuka Cheti

Hospitalini walimwita Mama Msamaha, na jina hilo halikutokana na upole. Kazi yake ilikuwa kukaa katika chumba chenye meza moja, viti vitatu na kabati lisilofunga, akiwasikiliza wanaosema hawana uwezo wa kulipia matibabu, kisha kuamua nani asamehewe, nani alipe nusu na nani aache maigizo. Alikuwa ameifanya miaka ishirini na miwili. Mtu akiingia analia kabla hajakaa, alimwacha amalize, halafu akamuuliza swali moja tu: "Leo umefikaje hapa?" Kisha alinyamaza. Ukimya una kodi yake, na asiyeuzoea huilipa kwa kusema ukweli. Aliyekuja kwa teksi ya kukodi alijikwaa hapo hapo. Aliyetembea tangu alfajiri alionyesha miguu bila kuambiwa.

Kwa kazi hiyo alilipwa mshahara wa stashahada. Alipofika miaka arobaini na mitatu aliuza kiwanja alichokinunua kwa akiba ya ujana wake, milioni sita na laki tatu taslimu, akaenda kusomea shahada kwa masomo ya jioni. Si kwamba alidhani chuo kitamfundisha kumtambua mwongo. Mshahara wa shahada ulizidi wake kwa laki mbili na elfu kumi kwa mwezi, na hesabu aliipiga nyuma ya karatasi ya dawa: miezi thelathini, kiwanja kimerudi. Baada ya hapo ni faida tupu hadi astaafu akiwa na sitini, na kiinua mgongo nacho hupigiwa hesabu kwenye mshahara wa mwisho. Alihitimu akiwa na arobaini na saba. Miaka kumi na mitatu ya kuvuna ilikuwa mbele yake.

Hesabu ilikuwa safi. Kilichochafuka ni karatasi.

Afisa utumishi alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata kidole. Alikisoma cheti mara mbili, akakilaza mezani kama mtu anayerudisha samaki sokoni.

"Mama yangu, hapa pameandikwa Shahada ya Kazi za Jamii."

"Ndiyo."

"Muundo wetu wa utumishi unataka Shahada ya Ustawi wa Jamii."

"Ni kitu kile kile. Chuo kimeamua kukiita hivyo."

"Kazi za jamii si ile adhabu ya mahakamani? Mtu anahukumiwa kuzibua mitaro miezi sita?"

Karani wa meza ya pembeni alikuwa akiingoja nafasi hiyo. "Mama Msamaha, kwani uliiba nini?"

"Niliiba usingizi wangu mwenyewe, miaka minne," alisema. "Nimeshatumikia. Sasa naomba nilipwe."

Walicheka wote, lakini kicheko hakibadilishi muundo wa utumishi. Afisa akamweleza: alete barua ya chuo inayothibitisha kwamba majina hayo mawili ni fani moja. Orodha ya watakaobadilishiwa mshahara ilikuwa inafungwa Ijumaa. Ikimpita, angoje bajeti ya mwaka ujao.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alipiga simu chuoni, akaambiwa msajili yuko safarini na barua za aina hiyo huchukua wiki tatu. Kungoja mwaka mmoja kungemgharimu milioni mbili, laki tano na elfu ishirini. Kwa neno moja, hilo lilikuwa neno ghali.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Alifanyia kazi barazani, kinywa kimejaa misumari midogo, na alikuwa na tabia ya kuitoa mmoja mmoja anapotaka kusema jambo la maana. Alipomwona mkewe anarudi aliitoa yote kwa mpigo.

"Vipi, mama watoto? Kiwanja kimekubaliwa?"

"Kimekwama kwenye neno."

"Unajua kile kiwanja siku hizi kinauzwa milioni kumi na nane? Barabara imepita ubavuni. Mimi nilisema tungoje, tujenge fremu nne za maduka."

"Kwa pesa ipi?"

"Ingepatikana."

"Huyo Ingepatikana ni nani? Anakaa mtaa gani?"

Fundi akarudisha misumari kinywani. Katika ndoa yao hiyo ndiyo ilikuwa bendera nyeupe.

Hata hivyo zile milioni kumi na nane zilimkera, na kero yake aliitibu kwa kalamu. Kwa laki mbili na elfu kumi, angezifikia kwa miaka saba na miezi miwili. Bado shahada ilikuwa mbele ya kiwanja. Ilimradi aanze kulipwa sasa.

Asubuhi ya Jumatano alimtazama binti anayeshirikiana naye ofisi, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeajiriwa mwaka uliopita moja kwa moja kwa mshahara wa shahada. Walikuwa wamesoma chuo kimoja.

"Mwanangu, cheti chako kimeandikwaje?"

"Kazi za Jamii, mama. Tena kwa herufi kubwa. Kwani?"

Alimweleza bila kupaka sukari. "Nikiwaambia wafungue jalada lako, mambo ni mawili. Watanipandisha mimi, au watakushusha wewe."

"Na nikikataa?"

"Sitakutaja. Nitatafuta njia nyingine, na nadhani nitakosa."

Binti alinyamaza. Alinyamaza vizuri kuliko wagonjwa wote wa mwezi ule, na Mama Msamaha akatambua kwamba silaha hiyo amefundishwa humu humu ndani.

"Jalada langu siku moja litafunguliwa tu," binti akasema mwishoni. "Afadhali lifunguliwe na mtu wa upande wetu. Lakini zamu zangu za Jumamosi unachukua wewe. Mwaka mzima."

"Miezi mitatu."

"Mama, anayeweka shingo ni mimi."

"Minne."

"Sita. Na nauli unajilipia."

"Sita," alisema Mama Msamaha. "Shingo yako ina bei."

Alhamisi alikaa tena mbele ya afisa utumishi. Barua ya chuo hakuwa nayo, na afisa alianza kutikisa kichwa kabla hajamaliza salamu.

"Mwanangu, sikuja na barua. Nimekuja na swali. Ofisi yangu ina mtu anayelipwa kwa shahada?"

"Yupo. Yule binti."

"Nani alisaini ajira yake?"

"Mimi."

"Naomba ulete jalada lake."

Alilileta, akalifungua, akasoma. Mama Msamaha hakuongeza neno. Feni ilizunguka. Karani wa pembeni aliacha kupiga mhuri. Afisa alilifunga jalada taratibu, kama mfuniko wa sufuria inayotaka kufurika.

"Unanitisha, mama?"

"Nimeuliza tu."

"Kama cheti chako hakifai, basi kuna mtu nimemlipa visivyo kwa miezi kumi na minne."

"Mimi sijasema hivyo."

"Wakaguzi watasema."

"Hao ndiyo kazi yao kusema."

Afisa alijipangusa shingo kwa leso. Kisha akawa mfanyabiashara, kama alivyotarajiwa kuwa. Angeandika waraka wa ndani kwamba majina yote mawili yanahesabika kada moja, na jina la mama lingeingia kwenye orodha leo hii. Ila malimbikizo aliyoomba, ya miezi minane tangu ahitimu, hayo asahau. Fungu halipo.

Malimbikizo yale yalikuwa milioni moja, laki sita na elfu themanini. Hakuwahi kutarajia kuyapata. Aliyaandika kwenye maombi makusudi, kama muuzaji anavyotaja bei ya juu ili apate cha kupunguza. Alishusha pumzi ndefu ya kutosha.

"Basi tuseme yamekufa."

"Yamekufa, mama."

"Andika huo waraka. Mimi nasubiri hapa hapa."

Mshahara mpya uliingia mwezi uliofuata. Kodi ilikuwa imeshaumega, na mfuko wa pensheni ukachukua wake. Katika laki mbili na elfu kumi zilimfikia mkononi laki moja na elfu thelathini na tano. Alikaa barazani na stakabadhi ya mshahara, akapiga hesabu upya. Kiwanja kwa bei aliyouzia: miaka minne kasoro mwezi mmoja. Kwa bei ya leo: miaka kumi na moja na mwezi mmoja na ushei. Ingebaki chini ya miaka miwili ya faida tupu, na pensheni nzito kidogo.

Fundi alisogea na nyundo yake, akachungulia ile karatasi. "Faida au hasara?"

"Faida. Nyembamba kuliko nilivyodhani."

"Na hizo Jumamosi za miezi sita umeziweka fungu gani?"

Alikuwa hajaziweka popote. Alifikiri kidogo, akazihesabu, ishirini na sita, akaziandika chini kabisa.

"Hizo ni za dalali," alisema. "Mauzo gani hayana dalali?"